Uzi wa albamu zisizofanana: leta moja, sema masikio yaingilie wapi

Msikilizaji Sugu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za "nyimbo kali za mwaka" zimejaa na majina ni yale yale. Hapa tufanye kitu kingine. Kila anayepita aache albamu moja ambayo jirani yake huenda hajawahi kuisikia, ya taifa lolote, ya zama zozote. Iwe ya kusikilizwa nzima, siyo wimbo mmoja wenye jina na mingine ya kujazia. Useme mtu aanzie wapi, maana kumwambia mtu "sikiliza hii" halafu ukamwacha mlangoni ni kumtesa tu. Na useme nani hataipenda. "Noma sana" na "hatari tupu" bila maelezo tuwaachie watangazaji.

Naanza mimi na Royal Court Music from Uganda. Ni rekodi alizofanya Hugh Tracey mwaka 1950 na 1952, zikaja kutolewa upya kwenye CD na SWP Records ya Uholanzi. Tracey alikuwa Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, akazunguka na gari lililobeba mitambo ya kurekodi kuanzia huko hadi kwetu Tanganyika, Kenya na Uganda. Mkusanyiko wake ndio uliozaa ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Mle ndani kuna ngoma za entenga za Kabaka wa Buganda. Ngoma 15, na kati ya hizo 12 zimepangwa sauti toka ndogo hadi kubwa, watu wanne wanazipiga kwa fimbo nyembamba, wawili wengine wameshika zile tatu nzito. Mara ya kwanza utadhani ni marimba. Ni ngoma, na zinaimba wimbo kabisa, wenye maneno ambayo Waganda wa wakati ule waliyajua. Mei 1966 majeshi ya Obote yakiongozwa na Idi Amin yakavamia kasri la Lubiri pale Mengo, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni, wapigaji wakatawanyika na ala nyingi zikapotea. Ufalme ulirudishwa 1993. Katikati hapo kulikuwa na miaka 27 ambayo muziki huu haukuwa na nyumba.

Lakini nilichotaka hasa mkisikilize ni amadinda. Ni marimba ya vibao 12, watu watatu wamekaa kuizunguka. Wa kwanza anapiga mfululizo wake kwa mwendo wa kawaida. Wa pili anapenyeza wake katikati ya ule wa kwanza, pigo kwa pigo, hivyo mwendo unaotoka ni mara mbili ya mkono wa yeyote kati yao. Wa tatu amepewa vibao viwili tu, vile vya juu kabisa. Kazi yake ni kuvizia sauti mbili za chini zinazojitokeza kwenye mchanganyiko wa wenzake na kuzirudia huku juu. Kaa nayo kidogo, masikio yataanza kuokota nyimbo fupi fupi ambazo hakuna hata mmoja wa wale watatu anayezipiga. Mwaustria Gerhard Kubik, aliyefundishwa ala hizi na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri lile lile, ameandika sana kuhusu jambo hili.

Anzia kwenye amadinda, kwa hedifoni, halafu ndiyo urudi kwenye entenga. Hataipenda anayesubiri kiitikio. Na besi msitafute, ni 1950.

Ya pili, maana mleta mada ana haki ya mbili: Sounds of Sisso, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, 2017. Singeli kutoka Mburahati, Dar. Hapa sielezi kitu, nataka kwanza nione nani atanuna.

Mzee wa Rangi Tatu

Nimenuna mimi. Mkuu ulianza vizuri na wafalme, ukatumalizia na kelele. Singeli inapigwa hapa nyuma ya nyumba yangu mpaka alfajiri, halafu uniambie niiweke tena kwenye masikio kwa hiari yangu? Hapana aisee.

Kesho Kazini

Nipo siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Kigodoro Mpaka Asubuhi

Mzee wangu wa Rangi Tatu, shikamoo. Usiku unasikia spika mbovu kupitia ukuta wa tofali, na ukuta unapitisha besi peke yake. Utamu wa singeli uko juu ya besi.

Sikiliza kile kinachozunguka. Mara nyingi ni kipande cha taarabu ya kisasa cha sekunde chache, kinanda au gitaa, kimekatwa, kikaharakishwa, kikarudiwa bila kupumzika. Mdundo unapita 200 kwa dakika, na zipo zinazokaribia 300. Juu yake MC anamwaga maneno ya kodi ya nyumba, madeni, umbea wa mtaa, kama mtu anayekimbizwa na anayetaka kumaliza kisa kabla hajakamatwa. Waliotengeneza ni vijana wa uswahilini wenye kompyuta moja na studio ya chumba kimoja, na wateja wao wa kwanza walikuwa watu wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, siyo redio. Redio zilikuja baadaye sana.

Sikubaliani na mleta mada kuhusu pa kuanzia. Sounds of Sisso ni mkusanyiko wa watu wengi, mgeni atachoka njiani. Anza na Poaa ya Bamba Pana, 2018, lebo ile ile. Nyimbo nyingi mle hazina maneno, kwa hiyo unasikia ufundi wenyewe: vipande viwili vya mwendo tofauti vinafukuzana, mara kimoja kinachomoka, mara vyote vinanyamaza robo sekunde. Ukizoea hapo ndiyo uende Sounds of Sisso, kisha Tatizo Pesa ya Jay Mitta, 2019. Isikilize ukiwa unafanya kitu cha mikono. Ukiwa umekaa kwenye kochi itakushinda.

Hataipenda mwenye presha.

Bint Makadara

Hamjambo nyote. Salamu toka Mombasa.

Mimi naleta Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh akiwa na Maulidi Musical Party, ilitoka GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1992. Najua mtaniambia taarabu siyo kitu kigeni kwetu. Haya, nambieni: ile ala inayolia kama nyuzi zimewekwa umeme, kali, inayotangulia mbele ya sauti ya Zuhura, ni ala gani? Wengi watasema gitaa. Siyo gitaa.

Ni taishokoto. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Goro Morita, aliyechukua wazo la vibonye kutoka kwenye taipureta: mkono mmoja unabonyeza vibonye, wa pili unakwaruza nyuzi. Ikafika India, wakaipa jina la bulbul tarang, ikavuka bahari hadi pwani yetu, na Mombasa wakaitia umeme. Wajapani waliibuni watu wafurahie nyumbani kwao. Sisi tukaitia kwenye chakacha, harusini, wanawake wamefunga leso kiunoni.

Sasa hapo ndipo nawaomba mtege sikio. Zuhura haimbi kwa kunyenyekea kama taarabu ya zamani ya kumbi za wanaume. Anaimba mbele ya mpigo, akimaliza mstari taishokoto inaurudia maneno yote bila midomo, ngoma zinajibu, kisha anarudi na mstari mwengine wa kumchoma mtu. Huyo mtu yuko mle ukumbini, na kila mmoja anamjua. Jina lenyewe la albamu ni nusu ya methali, nusu ya pili mnaijua: jino la pembe si dawa ya pengo.

Mkishaipenda, tafuteni Zanzibara namba 2 ya Buda Musique, taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Mle yumo Juma Bhalo na nyimbo zake za mahadhi ya Kihindi, yumo Zein na udi wake, yumo Matano Juma na kinanda cha umeme. Hao watatu na Zuhura, wanne wa mji mmoja, miaka ile ile, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Watu husema taarabu ni moja tu. Huyo hajakaa Mombasa.

Hataipenda? Wale wa modern taarab ya Dar waliozoea wimbo wa dakika kumi na tano na kutunza pesa. Hapa ni fupi na inauma.

Msikilizaji Sugu (mleta mada)

Dada yangu Bint Makadara, umenifungulia macho. Nimesikia Zuhura miaka yote nikiamini ni gitaa. Haya, uzi umeanza.

Mzee wa Chemko

Nimesoma mpaka hapa nikitabasamu. Mleta mada anataka "albamu nzima" kutoka nchi ambazo wanamuziki wake wengi hawakuwa wanatoa albamu.

Vijana nisikilizeni. Bendi ya Dar ilikuwa inakwenda studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Wanaingia wote, wanapiga wote kwa pamoja, mwimbaji akikosea mnaanza upya. Utepe unabaki maktaba ya redio, wewe msikilizaji unausubiri hewani. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, santuri zilichapwa Nairobi. Na santuri yenyewe ni ile ndogo. Upande wa kwanza mashairi na kisa chote, halafu wimbo unakatwa. Unanyanyua sindano, unageuza, upande wa pili ni chemko: magitaa yameshika kasi, tarumbeta zimeingia, watu wako kati. Wimbo mmoja ulikuwa santuri nzima. Hata zile santuri kubwa za Ukumbusho za Mbaraka Mwinshehe, zilizotolewa Kenya baada ya kifo chake Januari 1979, ni makusanyo ya nyimbo zilizokuwa zimeshatoka moja moja.

Kwa hiyo mkitaja "albamu" ya zamani ya Tanzania au Kenya, mara nyingi mnataja chaguo la mtu mwingine. Amekaa London au Detroit miaka ishirini baadaye, ameamua wimbo upi uanze, upi ufuate, upi uachwe. Huyo dada wa Mombasa ametaja Zanzibara. Safi sana, nami ninazo. Lakini Juma Bhalo hakuwahi kukaa akapanga kwamba yeye atamfuata Zein. Aliyepanga ni Werner Graebner, Mjerumani. Anastahili shukrani, kazi yake ni ya mtu anayejua Kiswahili na anayejua watu. Ila tusimpe Juma Bhalo sifa za mpangilio wa nyimbo.

Msikilizaji Sugu (mleta mada)

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako nzito na naipokea nusu.

Nusu ninayoipokea: ndiyo, lazima tuseme nani kachagua. Hata hiyo yangu ya Uganda, Tracey ndiye aliyeamua wapigaji wakome saa ngapi, maana diski yake ilibeba dakika chache tu, wakati kasrini wimbo ule ungeendelea kadiri mtawala alivyotaka. Kila rekodi mle imekatwa na mtu aliyeshika saa.

Nusu ninayoikataa: zipo albamu za kwetu zilizorekodiwa kama albamu. Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, Real World, 1989. Waliirekodi Uingereza, kijijini Box kwenye studio za Peter Gabriel, na inasikika kama kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mzee wa Chemko

Marahaba. Ninayo hiyo. Ni safi mno. Gitaa limeoshwa, ngoma zimeoshwa, hata Dokta Remmy mwenyewe ameoshwa. Aliyemwona pale Sinza ambapo hadi leo kituo cha daladala kinaitwa kwa Remmy atakuambia kuwa wimbo ulikuwa haujafika popote kabla ya dakika ya nane. Wazungu walimpa dakika tano au sita. Lakini sawa, kwa mgeni ni mlango mzuri, sikatai.

Lang'ata Kimya

Niaje watu wangu. Kutoka Nairobi.

Nyinyi mnabishana kuhusu chemko, mimi naleta albamu isiyo na ngoma hata moja. Peel ya KMRU, 2020, imetolewa na Editions Mego. Hakuna wimbo wa kuimba pamoja nao. Ni sauti alizorekodi mahali mbalimbali, mazingira tu, amezinyoosha na kuzipanga juu ya mvumo mrefu unaobadilika polepole mpaka hujui umebadilika saa ngapi. Wimbo wa mwisho, wenye jina la albamu, unapita dakika 20.

Kwa nini niwaletee hii kwenye uzi wenye Zuhura na Remmy? Kwa sababu jina kamili la KMRU ni Joseph Kamaru. Ndiyo, mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, aliyefariki Oktoba 2018. Babu alikuwa mtu wa maneno: mafumbo, siasa, mapenzi, nyimbo zilizomweka pabaya na serikali. Mjukuu ametoa albamu ambayo haina neno hata moja, na yeye huyo huyo ndiye anayezipandisha upya nyimbo za babu yake Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ili zinunulike. Ukizisikiliza mbili kwa zamu, Kamaru mzee asubuhi na Peel usiku, utapata kitu. Kitu gani sijui kukisema vizuri, na sitajifanya najua.

Pa kuanzia: usiku, taa zimezimwa, jirani wamelala, sauti ndogo. Ukiiweka kwa sauti kubwa kwenye matatu utadhani redio imeharibika. Hataipenda mtu wa haraka.

Na kama mtu anataka kinyume chake kabisa, Nairobi hiyo hiyo, mwaka huo huo wa 2020: Duma, albamu ya kundi la Duma, Nyege Nyege Tapes. Watu wawili, mayowe na kelele za mashine kwa mwendo wa kuogofya. Mzee wa Rangi Tatu, wewe usiguse. Kwa kweli nakuomba.

Mzee wa Rangi Tatu

Nashukuru kwa kunijali mkuu. Hiyo ya kimya nimeiweka. Mke wangu amekuja kuuliza friji limefanya nini.

Senene Kavu

Wakuu, mimi ni mtu wa Bukoba, na nimevutwa na kile alichosema mleta mada kuhusu sauti ambayo hakuna anayeipiga. Naleta inayofanana nayo, ila hii imefanywa na mtu mmoja.

Kuna santuri ya Ocora ya Ufaransa ya muziki wa Burundi, rekodi za 1967. Wengi wanaijua kwa ngoma tu, zile ngoma za kifalme zenye kishindo. Ngoma hizo zilichukuliwa zikawekewa gitaa na kinanda, zikatoka kama Burundi Black mwaka 1971, na miaka ya mwanzo ya themanini bendi za Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zikajengea jina juu ya mdundo ule. Wapigaji wenyewe wa Burundi sijui nani aliwauliza. Tuyaache.

Ngoma zirukeni kwanza. Tafuteni kipande cha inanga, mwanamume mmoja ananong'ona. Inanga ni ubao uliochongwa kama sinia refu, kamba moja imepitishwa huku na huku ikatoa nyuzi kama nane. Kwetu Kagera tunaita enanga, na wazee waliitumia kusimulia tenzi za mashujaa usiku kucha.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: nong'ona, kisha ujaribu kupandisha wimbo. Haupandi. Lakini ukimsikiliza yule mtu utaapa kuwa anaimba, kwamba maneno yanapanda na kushuka. Inanga ndiyo inayopanda na kushuka. Maneno yanatoka mdomoni, wimbo unatoka kwenye nyuzi, na sikio lako linavishona viwili kuwa mtu mmoja anayeimba. Sauti inakuja karibu kiasi kwamba unageuka kuangalia nyuma.

Hedifoni ni lazima. Kwa spika ya simu utasikia mtu anapumua tu.

Msikilizaji Sugu (mleta mada)

Senene, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nimerudia kipande kile mpaka bando limekata. Kuna rekodi yoyote ya enanga ya Kagera unayoweza kututajia?

Senene Kavu

Zangu ni za kanda za nyumbani, alizirekodi mjomba harusini, kuku wanalia mle ndani. Nikipata namna ya kuzihamisha nitaziweka, kwa ruhusa ya familia ya mpigaji.

Sauti ya Nne

Bwana Yesu asifiwe, salaam alaikum, na wengine hamjambo.

Mimi ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne kama jina linavyosema, Kanisa Katoliki. Mmenishangaza kidogo kuona wote mmebaki Afrika Mashariki wakati mleta mada alisema taifa lolote. Naleta Tabula Rasa ya Arvo Pärt wa Estonia, lebo ya ECM, 1984.

Msiogope neno klasiki. Nendeni moja kwa moja kwenye Cantus, ile aliyoitunga kumkumbuka Benjamin Britten, mtunzi Mwingereza aliyefariki 1976. Haifiki hata dakika sita. Inaanza na kengele moja. Kisha vinanda vya nyuzi vinaingia, na kila sauti inafanya jambo moja tu: inashuka ngazi. Ngazi ile ile, noti zile zile. Tofauti ni mwendo. Violini za kwanza zinashuka haraka, za pili kwa nusu ya mwendo huo, viola nusu ya hizo, selo nusu tena, na besi, watu wangu, zinatambaa nusu ya selo. Kila sauti ikifika hatua moja chini zaidi, inarudi juu kuanza upya, ikiongeza hatua moja.

Aliyewahi kufundisha kwaya anajua hofu ya sauti zisizofika pamoja. Hapa mtunzi amefanya kutofika pamoja kuwa ndiyo wimbo wenyewe. Kila mmoja akifika chini anabaki pale, ameshika noti yake, anawasubiri wenzake. Kisha wote wamefika, wanakata ghafla, na unagundua kengele ilikuwa imegongwa mara ya mwisho na wewe hukuisikia, maana ilifunikwa na vinanda. Umebaki na mlio wake tu unaokwisha. Nimewachezea wanakwaya wenzangu. Wa sauti ya kwanza walisema inachosha. Sisi wa nne tulinyamaza.

Kwenye albamu hiyo hiyo kuna kipande kirefu chenye piano iliyotiwa skrubu kwenye nyuzi zake, inalia kama kengele yenye ufa. Hicho acheni mpaka siku nyingine.

Fundi Waya

Skrubu kwenye piano? Basi niruhusuni na mimi, kazi yangu ni kutengeneza redio na amplifaya.

Congotronics ya Konono No. 1, Kinshasa, imetolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2004. Mwanzilishi wao Mawangu Mingiedi, aliyefariki 2015, alikuwa Mzombo, watu wa mpakani na Angola, alikuja mjini na likembe, zile marimba za vidole gumba. Kelele za Kinshasa zikaimeza. Dawa yake ilikuwa kujitengenezea vifaa vya kunasa sauti kwa sumaku alizozitoa kwenye vyuma chakavu vya magari, akazungusha waya, akaweka chini ya vyuma vya likembe. Spika ni zile tarumbeta za kutangazia mitaani.

Kifundi ni hivi: chuma kikitikisika juu ya sumaku yenye waya, umeme mdogo unazaliwa, ndiyo kanuni ya gitaa la umeme. Lakini ukitumia sumaku usiyoijua nguvu yake na amplifaya iliyopewa mzigo kuliko uwezo, sauti inakwaruza. Fundi mwingine angehangaika kuondoa mkwaruzo. Mingiedi aliuacha, na bendi ikajifunza kuupiga. Likembe zao ziko za umeme tatu, za besi, kati na juu, na ile ya besi inatikisa kifua.

Anzia wimbo wowote, ni kama mmoja mrefu. Hataipenda anayesumbuliwa na spika inayopasuka, kwa sababu hiyo ndiyo inayopasuka kwa dakika hamsini.

Kigodoro Mpaka Asubuhi

Fundi, hiyo ni kigodoro cha wakubwa. Mzee wa Rangi Tatu usiku wa leo amekwisha.

Kesho Kazini

Swali la kijinga: hizi zote zinapatikana wapi bila kuibiwa kadi?

Lang'ata Kimya

KMRU, Duma na vijana wa singeli wote wako Bandcamp, unasikiliza kwanza bure kisha unanunua. Mimi natumia kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, naitia pesa ya hiyo albamu tu. Nyingine kama za GlobeStyle zilishaisha madukani, utazikuta YouTube au CD za mtumba. Ukiweza kununua, nunua. Hawa siyo wasanii wa matangazo ya bia, pesa kidogo kwao ni pesa.

Mzee wa Chemko

Najua mtasema nabisha tu bila kuleta. Haya, yangu hii hapa, na imetoka Marekani, mcheke: Sikinde ya Mlimani Park Orchestra, Africassette ya Detroit, 1994. Rekodi zenyewe ni za Radio Tanzania.

Bendi ilianza 1978, ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mle yumo Muhiddin Maalim, yumo Hassani Bitchuka, na Michael Enoch ndiye aliyekuwa akizipanga. Mtindo wao wa Sikinde, ngoma ya ukae, asili yake ni ngoma ya Wazaramo.

Namna ya kusikiliza. Msiruke kwenda kwenye chemko, kijana wa leo anaharakia hapo. Mwimbaji anasimulia jambo la nyumbani, taratibu, beti kwa beti, na katikati ya mistari yake kuna gitaa la pili. Siyo la solo, la pili, linalojibu. Mfuateni huyo mpiga gitaa peke yake wimbo mzima. Hasikiki kama anafanya kitu. Halafu tarumbeta zinaingia mara moja, mbili, kana kwamba zinaomba radhi. Chemko ikija mtaona kila kitu alichokuwa anakiandaa yule wa gitaa la pili, maana sasa ndiye anayeongoza na nyinyi hamkuona alipochukua usukani.

Na kwa kuwa ni utepe wa redio uliopigwa mara moja wote wakiwa chumbani, kuna mahali mtu anacheka kwa mbali. Sitawaambia wimbo upi.

Msikilizaji Sugu (mleta mada)

Mzee, nimeusikia wimbo wa tatu. Siyo kucheka, ni kukohoa.

Mzee wa Chemko

Sikiliza tena, kwa hedifoni za maana.